Shajara ya mradi: matunzo yanayopimwa kwenye kinu cha sembe, Morogoro

Shajara hii inafuata laini moja ya kiwanda kidogo cha sembe mjini Morogoro: eleveta ya vikombe inayopandisha mahindi, mashine ya kukoboa, kinu cha nyundo chenye mota ya kilowati 22, saikloni inayotenganisha unga na hewa, na mizani ya kufungashia. Imeandikwa ili kiwanda kingine chenye mashine za aina hii kiige kazi na kiepuke palipopotea fedha. Bei ni za dukani, kwa shilingi za Tanzania, bila nauli. Hatua za kawaida zimepewa mstari mmoja tu; nafasi kubwa imeachiwa mahali kazi ilipokwama.

Njia tunayoifuata ni ile iliyokomazwa Japani chini ya jina la TPM (Total Productive Maintenance, yaani matunzo yanayoshirikisha wote), ambayo Nippondenso, kampuni ya kundi la Toyota, ilipewa tuzo kwa ajili yake mwaka 1971: mwendeshaji anashika sehemu ya matunzo ya mashine yake, na fundi anabaki na kazi zinazohitaji fundi. Kwa usafi na mpangilio tunatumia S tano zilezile zinazobandikwa katika hospitali zetu: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga), safisha, sanifisha, shikilia.

5 Februari 2024. Kuhesabu kusimama

Daftari la uzalishaji lilikuwa na safu mbili tu, tarehe na idadi ya mifuko. Mashine ikisimama saa tatu, daftari linaonyesha mifuko michache na hakuna anayejua kwa nini. Tumetundika ubao mweupe na saa ya ukutani karibu na kinu. Kila kusimama kunakozidi dakika tano kunaandikwa: saa ya kusimama, saa ya kuwaka, sababu.

Fomu ya kwanza ilikuwa na sababu 19 za kuchagua. Wiki haikwisha, wote wakawa wanaandika "mengineyo". Tumezipunguza kuwa tano (beringi, mikanda, chekeche, umeme, eleveta au kukosa mahindi), na tukaruhusu kuandika "sijui". Hilo la mwisho lina maana kubwa. Mwendeshaji asiporuhusiwa kutojua atabuni sababu, na takwimu zote zitaharibika. Kila "sijui" inafuatiliwa na fundi siku hiyohiyo mpaka ihamie kwenye sababu mojawapo.

Gharama: ubao, saa na kalamu, 85,000.

4 Machi 2024. Ubao umesema nini

Wiki nne za zamu moja ya saa tisa, siku sita kwa wiki, ni saa 216. Kinu kilisimama saa 51. Kwa hiyo kilipatikana asilimia 76 ya muda. Katika saa 165 zilizobaki, kwa kasi yake ya kilo 700 kwa saa, kilitakiwa kutoa tani 115.5. Kilitoa tani 97, yaani asilimia 84. Kati ya hizo, tani 2.9 zilirudishwa kusagwa tena kwa sababu ya chenga, hivyo unga uliofaa mara ya kwanza ni asilimia 97. Ukizidisha hizo tatu, 0.76 × 0.84 × 0.97, unapata asilimia 62. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa OEE, yaani ufanisi wa jumla wa mashine, na ndicho tutakachokirudia mwishoni.

Saa 51 ziligawanyika hivi: beringi 19, mikanda 9, chekeche 8, umeme 7, eleveta na kukosa mahindi 8. Katika zile 19 za beringi, 13 zilikuwa za kusubiri kipuri kije na basi kutoka Dar es Salaam. Kazi yenyewe ya kubadilisha ilichukua saa sita tu.

11 Machi 2024. Sasambua, safisha, funga lebo

Mahindi ni machache msimu huu, basi siku mbili za kusimamisha laini zilipatikana bila ugomvi na mauzo. Kabla ya mkono wowote kuingia ndani ya mashine, swichi kuu ilizimwa na kila mtu akafunga kufuli lake mwenyewe pale, ufunguo mfukoni mwake. Kufuli moja la fundi kwa niaba ya wote halitoshi, kwa kuwa fundi akimaliza sehemu yake na kuondoka, waliobaki ndani hawana kinga.

Lengo la usafi huu ni ukaguzi. Mkono unaofuta ndio unaokutana na bolti iliyolegea. Kila kasoro ilifungwa lebo: ya bluu ikiwa mwendeshaji anaweza kuimaliza, nyekundu ikiwa ni ya fundi. Zilitoka lebo 74, bluu 41 na nyekundu 33. Nyingi za bluu zilikuwa bolti za kava, matundu ya grisi yaliyofunikwa na unga mgumu, na sumaku ya mlango wa mahindi iliyojaa misumari na vipande vya waya hadi haishiki tena. Sasa sumaku inafutwa kila mwanzo wa zamu.

Kilichoshindikana siku ya kwanza ni kusafisha kwa upepo wa kompresa. Unga ulipanda hewani, ukatua juu ya paa za mashine zilizokwisha kufutwa, na mwingine ukasukumwa ndani ya sili za beringi, vile vizuizi vya kuzuia uchafu usiingie. Baya zaidi, unga uliotanda hewani unalipuka ukikutana na cheche, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na mashine ya kuchomelea. Kompresa imepigwa marufuku kwa usafi. Tunatumia brashi laini, na mashine ya viwandani ya kunyonya vumbi ambayo hewa chafu haipiti kwenye mota yake. Kuchomelea kunafanyika baada ya eneo kufagiliwa na kufutwa, laini ikiwa imezimwa.

Gharama: lebo na kufuli 140,000, mashine ya kunyonya vumbi na brashi 650,000.

25 Machi 2024. Beringi

Hapa ndipo fikra nzima ya mradi ilipogeuka. Tulitarajia kukuta beringi zilizosahauliwa. Zilikuwa zikipakwa grisi kila Jumatatu bila kukosa, mpaka grisi itokee kwenye sili. Kinu hiki hakikutelekezwa hata kidogo, ila kila kilichofanyiwa kilifanywa bila kipimo.

Beringi za shafti ni za aina 22211 K zikiwa na kishikio H311 (bomba la mteremko linaloibana beringi kwenye shafti), kwa shafti ya milimita 50. Kipenyo cha nje ni milimita 100 na upana 25. Kanuni ya kukadiria grisi ya kuongeza ni 0.005 × kipenyo cha nje × upana, kwa hiyo gramu 12.5. Ili kujua pampu yetu inatoa kiasi gani, tulipiga mikono kumi, yaani tuliusukuma mpini wake mara kumi, juu ya mizani: gramu 11. Basi mikono 11 inatosha. Zamani zilipigwa 30 na zaidi kila wiki. Grisi iliyojaa nyumba yote ya beringi haina pa kwenda. Rola zinaikoroga, inapata moto, mafuta yake yanatengana na sabuni inayoifanya iwe nzito, na joto linapanda. Kwenye nyumba ya beringi kilisomeka kipimo cha nyuzi 88.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kupunguza tu: mikono 11 badala ya 30, wiki kwa wiki. Joto halikushuka, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa tayari na kila gramu mpya ilizidisha tatizo. Ilibidi kuifungua. Ndani kulikuwa na grisi za rangi mbili zilizochanganyika, moja ya lithiamu na nyingine ya udongo wa bentonaiti. Hizo mbili hazipatani. Zikichanganywa hulainika na kukimbia kutoka kwenye rola.

Beringi zenyewe zilikuwa na alama nyingine. Kwenye njia ya pete ya nje kulikuwa na vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa na nafasi ya rola. Hiyo ni saini ya kupigwa nyundo wakati wa kufunga. Vilevile nati ya kishikio ilikuwa ikikazwa kwa patasi hadi "ikatae", na kwa kukaza hivyo uwazi wa ndani, ile nafasi ndogo kati ya rola na pete, unaisha wote. Beringi ikipata joto na kutanuka inajibana yenyewe.

Namna tunavyofunga sasa. Beringi mpya inapimwa uwazi kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kabla ya kuwekwa, kati ya rola na pete ya nje. Kwa ukubwa huu wenye tundu la mteremko ni milimita 0.055 hadi 0.075. Nati inakazwa kidogo kidogo kwa spana yake ya ndoano huku fila ikipima, hadi uwazi upungue kwa milimita 0.03 hadi 0.04. Hapo unaacha, hata mkono ukitamani kuendelea. Jino la washa, ile pete ya kuzuia nati isilegee, linakunjwa kwenye mfereji wa nati. Ikiwa hakuna jino lililolingana na mfereji, kaza mbele kidogo mpaka likutane, usilegeze kurudi nyuma. Beringi inajazwa grisi yote, nyumba theluthi moja tu. Aina ni moja kiwanda kizima, lithiamu EP2, na pampu imepakwa rangi sawa na kopo lake.

Saa chache za kwanza joto lilipanda hadi 74 na kuleta hofu. Ni kawaida, grisi mpya inajipanga. Jioni lilitulia nyuzi 61. Kuongeza grisi ni mara moja kwa mwezi, mikono 11, tundu likiwa limefutwa kwanza.

Gharama: beringi mbili na vishikio 370,000, pampu na grisi 110,000, kipimajoto cha kuelekeza 75,000.

8 Aprili 2024. Nyundo za kinu

Beringi zilipopoa, mtetemo ulibaki. Kinu kina pini nne, kila pini nyundo sita, jumla 24. Desturi ilikuwa kubadilisha nyundo iliyokwisha tu, nyingine zibaki, kwa nia ya kuokoa fedha. Nyundo mpya ina gramu 410. Iliyolika kona inaweza kuwa na 380. Gramu 30 mkononi huzihisi, lakini kwenye nusu kipenyo cha sentimita 20, shafti ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 550, yaani kama uzito wa kilo 56 unaovuta shafti upande, ukizunguka nayo mara 48 kila sekunde. Beringi inabeba mzigo huo kutwa.

Tulinunua mizani ya kusoma gramu moja, tukapima nyundo zote na kuandika uzito kwa kalamu ya rangi. Mara ya kwanza tulijumlisha uzito wa pini nzima na kuhakikisha pini zinazotazamana zina jumla sawa. Mtetemo ulipungua upande wa puli, upande wa pili ukabaki vilevile. Sababu ilikuwa mpangilio ndani ya pini: nyundo nzito za pini ya kwanza zilikaa mwisho wa kushoto, na za pini ya tatu mwisho wa kulia. Jumla zililingana, lakini shafti ilikuwa inayumbishwa kichwa na mkia kwa zamu.

Utaratibu uliofanya kazi ni wa jozi. Nyundo ya nafasi ya kwanza kwenye pini ya kwanza inapewa mwenzake wa nafasi ya kwanza kwenye pini ya tatu, tofauti isizidi gramu 3. Vivyo hivyo hadi nafasi ya sita, kisha pini ya pili na ya nne. Mwisho jumla za pini zinazotazamana zinalinganishwa, tofauti isizidi gramu 5. Kona ikilika, nyundo zote 24 zinageuzwa siku moja. Kila nyundo ina kona nne za kutumia, kwa hiyo seti inageuzwa mara tatu kabla ya kutupwa. Nyundo ikivunjika katikati ya maisha ya seti, inawekwa iliyotumika yenye uzito uleule kutoka kwenye ndoo ya akiba, au inatolewa na ile inayotazamana nayo. Pini nazo zikaguliwe: yenye mfereji wa kuchimbwa na nyundo inazuia nyundo kufunguka vizuri, na kazi yote ya mizani inapotea.

Gharama: seti ya nyundo 24 kwa 9,000 ni 216,000, mizani 45,000.

22 Aprili 2024. Umeme

Mota ya kilowati 22 inaandikwa ampea 42 kwa volti 400. Inawashwa kwa stata ya nyota na delta, inayoianzisha mota kwa mkondo mdogo kwanza. Relei ya ovalodi, inayokata umeme mota ikizidiwa, ilikuwa imewekwa 40, na kwa macho inaonekana sahihi kabisa. Lakini katika stata hii relei imefungwa baada ya kontakta kuu (swichi inayovutwa kwa umeme), ndani ya waya zinazokwenda kwenye koili, na hapo unapita asilimia 58 tu ya mkondo wa laini. 42 × 0.58 ni 24. Relei ya 40 mahali hapo inaruhusu mota ibebe karibu ampea 69 bila kukatika. Ndiyo maana mota iliwahi kuungua ikafungwa upya waya, na relei haikuwahi kuruka. Kabla ya kugusa relei yoyote, fuata waya uone iko wapi. Kipande cha karatasi chenye mchoro sasa kimebandikwa ndani ya mlango wa stata.

Tuliiweka 24. Siku hiyohiyo ikaruka mara kadhaa na zamu ikaomba irudishwe juu. Haikurudishwa. Klampumita, kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje, ilionyesha ampea 47 kwenye laini: kinu kilikuwa kinalishwa kupita uwezo, na mahindi ya masika yalikuwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 inayokubalika kwa nafaka ya kuhifadhi. Mahindi yenye unyevu yanaziba chekeche, unga unazunguka ndani bila kutoka, ampea zinapanda. Tumefunga ampimita mlangoni mwa stata, yenye rangi ya kijani kati ya 34 na 40, na mlango wa kulisha umechorwa mstari. Mwendeshaji analisha kwa kutazama ampea. Mahindi yanayozidi unyevu yanaanikwa kwanza.

Imeongezwa relei inayokata umeme ikikosekana fezi moja, kwa kuwa mota iliyokwisha kuwaka inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili huku ikinguruma na kuungua. Mapezi ya mota yanapigwa brashi kila zamu.

Gharama: relei ya fezi 95,000, ampimita 60,000.

13 Mei 2024. Mikanda

Seti nzima ya mikanda minne ilibadilishwa kwa pamoja, mpya haichanganywi na kuukuu. Puli zililinganishwa kwa uzi uliovutwa kugusa nyuso nne. Kukaza: kwa umbali wa mita moja kati ya puli, mkanda ubonyee milimita 16 katikati. Kesho yake ulibonyea 23, ukakazwa tena. Mkanda mpya hunyooka na hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Gharama 112,000.

3 Juni 2024. Ukaguzi wa dakika kumi, na bonasi iliyofutwa

Orodha ya ukaguzi wa kila asubuhi ilikuwa na visanduku 14 vya kuweka vema. Zilipokusanywa fomu za mwezi, vema zote zilikuwa za wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari mmoja ulionyooka. Zilijazwa kwa mkupuo. Hakuna aliyeadhibiwa, kwani fomu yenyewe ilikuwa inaomba kudanganywa. Imebadilishwa: sehemu sita tu, na kila moja inadai namba. Joto la beringi kushoto, joto la beringi kulia, ampea bila mzigo, ampea na mzigo, kubonyea kwa mkanda, uzito wa vyuma vilivyotoka kwenye sumaku. Namba zinaandikwa ubaoni, mbele ya wote, kando ya namba za jana. Beringi ya kulia ilipotoka 62 hadi 67 kwa siku tatu, mwendeshaji ndiye aliyeita fundi. Kulikuwa na sili iliyopasuka, kazi ya dakika 40.

Uongozi nao ulikuwa umetangaza bonasi kwa zamu ambayo kinu hakikusimama. Matokeo yalionekana haraka: kusimama kukaacha kuandikwa, na chekeche lililotoboka likaendeshwa hadi mwisho wa zamu, unga ukarudi kwa mteja na chenga. Bonasi imefutwa. Mashine ya kufuma ya Toyoda ya mwaka 1924 ilisifika kwa kujisimamisha yenyewe uzi ukikatika, badala ya kuendelea kufuma kitambaa kibovu. Ruhusa hiyo ndiyo tuliyoiandika sasa ukutani kwa mkono wa meneja: yeyote anayeona kasoro azime, na hataulizwa kwa nini amezima, ataulizwa ameona nini.

1 Julai 2024. Vipuri vya akiba

Kabati moja lenye kadi: beringi mbili na vishikio 370,000, seti ya mikanda 112,000, machekeche mawili 120,000, kontakta moja 130,000. Anayechukua kipuri anapeleka kadi yake kwa mnunuzi. Kadi ndiyo oda. Vipuri vilivyolala hapa vimegharimu 732,000, na vinaondoa zile saa 13 za kusubiri basi.

5 Agosti 2024. Kupima tena

Wiki nne, saa 216 zilezile. Kusimama saa 27: beringi 2, mikanda 3, umeme 1, chekeche 11, eleveta na kukosa mahindi 10. Upatikanaji asilimia 87.5. Unga tani 116 kati ya 132.3, asilimia 88. Uliorudishwa tani 2.1, uliofaa asilimia 98. OEE ni asilimia 75, kutoka 62.

Jumla ya matumizi hadi leo ni 2,690,000.

Chekeche na eleveta zimekuwa mbaya kuliko Machi, na sababu haijafichika. Kinu sasa kinakwenda muda mrefu zaidi, hivyo chekeche linalika haraka kwa kalenda. Na mahindi mapya ya mavuno yanaingia na magunzi vipande vinavyokwama kwenye vikombe. Lebo nyekundu 6 bado ziko wazi, nne kati yake ni za eleveta: vikombe viwili vilivyopasuka, mkanda unaokimbilia upande mmoja juu, na kava ya chini isiyo na mlango wa kusafishia. Hatua inayofuata ni kukata mlango huo, kuweka wavu wa magunzi kwenye shimo la kumwagia mahindi, na kuhesabu chekeche kwa tani zilizosagwa badala ya siku. Daftari la tani kwa chekeche limefunguliwa leo. La kwanza lina tani sifuri.